Macho Kumi juu ya Kumi

Mwaka 1921 ndege za kutua majini za kampuni iliyopewa jina la Mfalme Albert, kwa kifupi LARA, zilianza kufika Stanleyville, mji ambao leo tunauita Kisangani. Zilipanda na mto kutoka Kinshasa zikipitia Lisala, zikafupisha safari ambayo kwa meli ilikula wiki nzima na zaidi. Mwaka uliofuata huduma ilifungwa kwa gharama. Marubani walikuwa Wazungu. Kazi ya Mkongo ilikuwa ukingoni mwa maji: kubeba, kufunga kamba, kusukuma. Sheria ya kumkataza kushika usukani haikuhitajika, maana hakuna aliyewaza kwamba angeweza kuuomba.

Nimefuatilia mambo haya kwa sababu ya kazi yangu, si kwa sababu ya jeshi. Nilikuwa fundi wa maabara hapa Banalia, kilomita zipatazo 130 kaskazini ya Kisangani, pale barabara ya Buta inapokutana na mto Aruwimi na malori kusubiri baki, yaani kivuko. Kila redio ilipotangaza kwamba jeshi linaandikisha, vijana walijipanga mlangoni petu kutafuta hati ya afya: urefu, uzito, kifua, mkojo, damu, macho. Daktari alisaini, vipimo nilivifanya mimi. Wengi walitaka kazi yoyote yenye mshahara. Lakini hakukosekana mmoja au wawili waliosema, kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja jina la mchumba, kwamba wao wanataka ndege. Nikawa najiuliza: masharti haya tunayowapima nayo yaliandikwa na nani, na aliyeyaandika alikuwa anamfikiria nani?

Kuchagua nani anafaa na nani hafai ni jambo la zamani hapa. Juni 1887 Henry Morton Stanley, akienda kumwokoa Emin Pasha, alifika Yambuya, mteremko wa huu mto wetu, akawagawa watu wake. Wenye nguvu aliondoka nao kuingia msituni. Wagonjwa na waliodhoofika aliwaacha chini ya Meja Edmund Barttelot, pamoja na mizigo, wangoje wapagazi walioahidiwa na Tippu Tip, ambaye mwaka huohuo alikuwa amefanywa liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold. Wengi wa walioachwa walikuwa Wazanzibari. Walingoja karibu mwaka mzima. Walikula muhogo ambao haukulowekwa wala kupikwa inavyotakiwa, wakachapwa viboko, wakafa mmoja baada ya mwingine. Walipoanza hatimaye kusogea, Barttelot alipigwa risasi hapa Banalia tarehe 19 Julai 1888. Stanley aliporudi Agosti 17 alimkuta Mzungu mmoja tu kati ya maofisa aliowaacha, William Bonny, na kambi iliyojaa watu waliobaki mifupa.

Vitabu vimebishana sana juu ya nani alaumiwe. Mimi nimeshikwa na jambo jingine. Wale watu walipimwa kwa macho siku moja, wakaambiwa hawafai, wakaachwa mahali pasipo chakula. Na vifo vyao baadaye vikahesabiwa kuwa ushahidi kwamba kweli hawakufaa. Uteuzi ulijitengenezea ushahidi wake wenyewe. Nimeuona mtindo huo ukirudi kila nilipofungua ukurasa mwingine wa historia ya jeshi letu.

Bula Matari, yaani dola la kikoloni, alipoanza kuandikisha watu wa nchi kwa ajili ya jeshi lake, Force Publique, kwa amri ya mwaka 1891, alipanga idadi, na machifu wakatakiwa kuitimiza. Chifu mwenye akili hakumtoa mwanawe. Alimtoa mtumwa, mkaidi, mgeni, au kijana aliyemgombea mke. Sifa ya kuwa askari ikawa kutokuwa na mtu wa kukutetea. Baada ya maasi ya Luluabourg mwaka 1895 na yale ya msafara wa Dhanis mwaka 1897, wakubwa waliogopa askari wa kabila moja kukaa pamoja, wakaamua kuwachanganya katika kila kikosi. Lingala ikawa ndiyo lugha ya kambini, na mpaka leo kijana wa Banalia anayeingia jeshini akiwa na Kiswahili chake hujifunza kuamriwa kwa Lingala. Kuchanganya makabila kulionekana kama haki. Kwa kweli kulikuwa ni hofu iliyopangwa vizuri, ingawa sikatai kwamba kulizaa pia kitu chema: watu wa mbali wakafahamiana.

Kupanda cheo ndiko kulikokuwa na dari. Mkongo aliweza kuwa koplo, sajini, sajini meja. Ofisa, hapana. Na rubani ni ofisa, au karibu yake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Force Publique ilipata kikosi chake kidogo cha ndege, makao yake Ndolo, Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Baada ya vita Ubelgiji ikajenga kituo kikubwa zaidi huko Kamina, Katanga, kwa hofu za Vita Baridi: Ulaya ikivamiwa, jeshi liwe na mahali pa kukimbilia na kujipanga upya. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, anga pana, ajali ikitokea inatokea mbali na miji ya watu wao. Basi mwanzoni mwa miaka ya 1950 vijana wa Kibelgiji wakaletwa kutoka kwao, maelfu ya kilomita, kuja kumalizia mafunzo ya urubani kwa ndege za Harvard katika anga ya Congo. Mtoto wa Kamina aliyezaliwa chini ya ndege hizo alizijua kwa mlio kabla hazijaonekana. Katika darasa hakuwamo.

Ukiuliza kwa nini, ungejibiwa kwa upole. Hakuna ubaguzi, bwana. Mwanafunzi wa urubani sharti awe amemaliza sekondari yenye hesabu na fizikia. Na shule hizo Mkongo alifunguliwa lini? Kwa muda mrefu mtoto mweusi mwenye akili alikuwa na njia mbili: seminari, au mafunzo ya ukarani na uuguzi. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa 1954. Ilipofika siku ya uhuru, Wakongo wenye digrii katika nchi nzima hawakujaza basi moja. Sharti lililoandikwa kwa hesabu na fizikia lilifanya kazi ileile ambayo ingefanywa na sharti lililoandikwa kwa rangi, tena bila aibu.

Waingereza, kwa kulinganisha, waliandika wazi. Kabla ya vita, aliyetaka kuwa ofisa katika jeshi lao la anga alipaswa kuwa wa asili safi ya Kizungu. Oktoba 1939, walipoona vita vitakula watu, walilisimamisha sharti hilo kwa muda wa vita, na kufikia 1942 Mnigeria Peter Thomas alikuwa ofisa na rubani wao. Marekani nayo ilikuwa imewakataa Weusi katika jeshi lake la anga mpaka 1941, ilipofungua mafunzo ya Tuskegee, tena yakiwa ya peke yao. Tazama kilichobadilika: si macho ya watu wala akili zao, ni shida ya aliyekuwa anachagua. Ubelgiji haikupatwa na shida ya namna hiyo, ikakaa na dari lake mpaka likaanguka lote.

Patrice Lumumba, aliyekuwa karani wa posta hapo Stanleyville, aliyajua masharti ya aina hiyo kwa mwili wake. Mkongo aliyetaka kuhesabiwa kuwa mstaarabu aliomba kuandikishwa, yaani immatriculation. Tume ilikuja nyumbani kwake. Walitazama kitanda, meza, uma na kisu, jinsi anavyozungumza na mkewe, watoto wanavyokaa. Lumumba alikataliwa mara ya kwanza, akapewa baadaye. Waliofaulu katika koloni nzima walikuwa mia chache tu. Mambo yaliyopimwa hayakuwa na mwisho, kwa hiyo anayepima hakukosa la kusema. Nimewahi kuona fomu za afya za siku hizi zenye mstari wa mwisho ulioandikwa "mengineyo", na mstari huo hunikumbusha tume ya uma na kisu.

Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, jeshi la askari wapatao 25,000 lilikuwa na ofisa Mkongo hata mmoja? Hata mmoja. Siku chache baadaye Jenerali Janssens aliandika ubaoni mbele ya askari wake kwamba baada ya uhuru mambo yatakuwa yaleyale ya kabla ya uhuru. Askari wakaasi. Lumumba, sasa akiwa waziri mkuu, akawapandisha vyeo kwa mkupuo, Victor Lundula akawa jenerali, Joseph Mobutu, aliyekuwa ameacha jeshi mwaka 1956 akiwa karani mwenye cheo cha sajini meja, akawa kanali. Maofisa Wabelgiji wakakimbia, na magazeti ya Ulaya yakaandika kwamba mmeona, hawa hawakuwa tayari. Ni kambi ya Barttelot tena.

Katikati ya vurugu hiyo kilitokea kitu ambacho wazee wetu hawakukizungumza vya kutosha. Mwaka 1961 Umoja wa Mataifa, ukikabiliana na ndege za Katanga iliyojitenga, zilizoendeshwa na mamluki, ulipata msaada wa ndege za kivita kutoka Sweden, India na Ethiopia. Waethiopia walileta jeti nne za F-86 Sabre, na waliozirusha walikuwa Waethiopia weusi. Jeshi lao la anga lilikuwa limeanza kujengwa baada ya vita kule Bishoftu kwa msaada wa Waswidi chini ya Carl Gustaf von Rosen. Kwa hiyo wakati nchi yetu inaambiwa itahitaji kizazi kizima kabla Mwafrika hajaaminiwa na jeti, Waafrika wanne walikuwa wameketi ndani ya jeti katika anga hiyohiyo. Tofauti kati ya kijana wa Addis Ababa na kijana wa Stanleyville ilikuwa miaka kumi na tano ya shule.

Kisangani na sisi wa jirani tulizijua ndege za vita mwaka 1964. Waasi walioitwa Simba waliuteka mji mwanzoni mwa Agosti. Serikali ya Léopoldville, ikiongozwa na Tshombe, haikuwa na marubani wake wa kutegemea vitani, kwa hiyo viti vya T-28 na B-26 vilijazwa na Wakuba waliomkimbia Fidel Castro, walioajiriwa na CIA. Walioziona ndege hizo barabarani kati ya Banalia na mji walijifunza kulala mtaroni. Alfajiri ya Novemba 24 zilikuja C-130 za Marekani, zikawamwaga askari wa miavuli wa Ubelgiji zaidi ya 300 juu ya uwanja wa Simisimi. Mateka wengi waliokolewa, wengine waliuawa barabarani mjini asubuhi hiyo. Hapa Banalia nako wamishonari na watoto wao waliuawa katika siku hizo, na ni jambo ambalo watu wa umri wangu bado hawapendi kulitaja mbele ya wageni. Miezi mitano baadaye Wakuba wengine, wa Castro, pamoja na Che Guevara, walivuka ziwa Tanganyika kuwasaidia waasi. Wakuba juu, Wakuba chini, na nchi ni yetu.

Hakuna aliyewauliza wale marubani wa kukodi kuhusu asili yao, umri wao, wala mwenendo wao. Walitakiwa kujua kurusha tu. Masharti yote marefu yaliyomzuia Mkongo kwa miaka arobaini yalipungua yakawa swali moja siku mwenye mali alipokuwa na haraka. Mambo hayo yalirudi Kisangani mwaka 1997, Rais Mobutu alipokuwa anaanguka: mamluki wa Kiserbia walifanya mji kuwa kituo chao, na ndege zilizotoka kwetu ndizo zilizodondosha mabomu Bukavu mwezi Februari. Wazungu hao walishindwa kuuokoa mji. Machi 15 waasi wa AFDL waliingia.

Kati ya 1964 na 1997 kulikuwa na miaka ambayo kweli tulikuwa na marubani. Waitalia ndio waliofundisha wengi wa mwanzo, taifa ambalo lilikuwa limepoteza watu 13 wa jeshi lake la anga waliouawa Kindu Novemba 1961. Zikaja SF.260 za mafunzo, MB-326, halafu katikati ya miaka ya 1970 Mirage 5 kutoka Ufaransa. Zilipopita juu ya gwaride la Kinshasa, Mzaire, kama tulivyoitwa siku hizo, alikuwa ndani, na hakuna aliyehitaji kuambiwa aone fahari.

Lakini hapo ndipo sharti jipya lilipoingia, lisiloandikwa ukutani. Machi 1978 kundi la maofisa na raia lilihukumiwa kwa njama ya mapinduzi na 13 wakapigwa risasi. Baada ya hapo milango ya uofisa ilizidi kufunguka kwa watu wa Équateur, hasa Wangbandi, kabila la rais, ikajifunga kwa Wakasai, watu wa Bandundu na wengine waliotiliwa shaka. Kijana aliulizwa anatoka wapi kabla hajaulizwa anajua nini. Sisi wa Haut-Zaïre hatukuwa maadui wala watoto wa nyumbani, na nafasi hiyo ya katikati ina ujanja wake: hukukataliwa, uliwekwa tu mwisho wa orodha. Miaka ya mwisho ya utawala ule Mirage zilikuwa haziruki tena. Sisemi upendeleo peke yake ndio uliozishusha. Deni, vipuri na wizi vilitosha. Nasema jeshi lililokuwa linaogopa marubani wake lisingeweza kuwalea.

Sasa nije kwenye maabara, maana huko ndiko ninakojua zaidi.

Kuna kipimo kinachoitwa Emmel. Unachoma kidole, unaweka tone la damu kwenye kioo, unalifunika kwa kioo chembamba, unaziba kingo zote ili hewa isipite. Chembe nyekundu zinamaliza oksijeni iliyobaki humo ndani. Unangoja, mimi nilikuwa nikiacha mpaka kesho yake. Ukitazama kwa hadubini, damu ya kawaida imebaki duara. Damu yenye hemoglobini S imepinda, ncha mbili kali, mundu kweli. Unaandika: Emmel chanya. Shida ni kwamba kipimo hiki hakitofautishi mgonjwa na mchukuzi. SS, ambaye amelia na mifupa tangu utotoni, na AS, ambaye amerithi upande mmoja tu na pengine anacheza mpira dakika tisini bila kuhema, wote wanapinda chini ya kioo. Ili kuwatenganisha unahitaji elektroforesi, na Banalia haikuwa nayo.

Katika nchi hii karibu mtu mmoja kati ya watano ni AS. Si bahati mbaya: AS humkinga mtoto na malaria kali, na ndiyo sababu imebaki kwa wingi kwetu wenye mbu. Sasa sikia yaliyotokea Marekani. Katika miaka ya 1968 na 1969 askari wanne Weusi wa mafunzo walikufa huko Fort Bliss, Texas, mahali pa mwinuko, baada ya mazoezi makali. Walikuwa AS. Kutokana na hofu hiyo chuo cha jeshi lao la anga kikawa hakiwapokei wenye AS. Sharti lilikuwa la damu, si la rangi. Lakini Marekani AS ni Weusi kwa sehemu kubwa sana. Waliokataliwa walikwenda mahakamani, na mwaka 1981 sharti likaondolewa. Hatari ipo, sitaki kudanganya mtu. Inakuja na joto, kukosa maji, mazoezi ya ghafla kupita kiasi. Inazuilika kwa maji, kupumzika, na mkufunzi anayejua. Nchi yetu ikinakili fomu ya zamani ya kigeni bila kufikiri, inamfukuza kijana mmoja kati ya watano kwa kitu ambacho ndicho kilichomvusha utoto wake akiwa hai.

Niliwahi kumpima kijana wa miaka ishirini, bingwa wa hesabu, Emmel chanya. Hemoglobini yake ilikuwa 13 na nusu. Hajawahi kulazwa wala kuongezewa damu. Mgonjwa wa SS hafiki umri huo na namba hizo kwa urahisi, kwa hiyo nilimwambia daktari, naye akaongeza kwenye hati kwamba dalili zote ni za mchukuzi asiye na ugonjwa. Kijana akaenda mjini. Aliporudi alisema mwenye meza alikuwa na visanduku viwili tu, chanya na hasi, na maneno ya pembeni hayakuwa na mahali pa kuandikwa. Sasa ni mwalimu, na wanafunzi wake wanafaulu.

Macho nayo yana hadithi. Kipimo tulichorithi kwa Wafaransa ni cha Ferdinand Monoyer: herufi ukutani, mgonjwa umbali wa mita tano, mstari wa herufi ndogo kabisa ni kumi juu ya kumi. Chumba changu hakikuwa na mita tano. Tulifungua mlango, kijana akasimama barazani, jua likimpiga, akasoma herufi zilizokuwa ndani gizani. Asubuhi walipata kumi, saa saba mchana wakapata saba. Nilipogundua nikawa napima macho asubuhi tu, lakini sijui vituo vingapi vingine vilikuwa na baraza inayotazama magharibi. Kwa macho mabaya kweli sina huruma. Ndege haimsamehi asiyeona, na abiria waliomo au watu walio chini hawakuomba kufa kwa ajili ya usawa. Ninachodai ni kwamba tupime macho ya kijana, tusipime baraza.

Urefu ni vivyo hivyo. Mwaka 1950 jeshi la anga la Marekani liliwapima marubani wake 4,063 ili kujua kiti cha wastani kiweje. Mtafiti kijana, Gilbert Daniels, alichukua vipimo kumi na kuuliza ni wangapi walio wastani katika vyote. Hakupata hata mmoja. Wakaanza kutengeneza viti vinavyosogea. Hata hivyo waliendelea kudai urefu wa sentimita 163 kwenda juu, na mwaka 2020 ndipo walipouondoa mpaka huo wa jumla, baada ya kuona unawafungia nje karibu nusu ya wanawake vijana wa nchi yao. Kila mtu sasa anapimwa kwa ndege atakayorusha. Nilipokuwa napima urefu hapa, wasichana ndio walioanguka zaidi, pamoja na vijana wenye damu ya Kimbuti, ambao wanaweza kutembea msituni usiku bila kupotea.

Kwa wasichana mfano upo jirani. Uganda ilikuwa na Luteni Kanali Naomi Karungi, rubani wa helikopta, aliyefariki katika ajali ya Januari 2020. Ethiopia ilikuwa na mwanamke aliyerusha ndege tangu miaka ya 1930, Muluemebet Emiru. Msichana mmoja aliniuliza kama kuna sheria ya kumkataza. Nilimwambia nisome kwanza.

Nilichosoma ni Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ibara ya 189. Inasema kwamba watu wa jeshi katika ngazi zote, na nafasi za uongozi wakati wote, wachaguliwe kwa vigezo visivyo vya upendeleo: afya ya mwili, elimu ya kutosha, tabia iliyothibitika, pamoja na uwakilishi wenye usawa wa mikoa. Neno mwanamke halimo, wala halijakatazwa. Mahali pengine, ibara ya 14, Katiba hiyohiyo inadai ubaguzi dhidi yake uondolewe. Nilimsomea zote mbili.

Ibara ya 189 ni nzuri, na aliyeiandika aliikumbuka 1978. Lakini isome ukiwa Banalia. Elimu ya kutosha maana yake ni diplome ya Serikali, na diplome yenyewe hutoka Kinshasa, nayo huchukua miaka. Mkononi unabaki na karatasi ya matokeo ambayo mwenye meza ana hiari ya kuikataa. Umri una kikomo, lakini watoto wetu waliokuwa shuleni Juni 2000, Uganda na Rwanda zilipopigana siku sita ndani ya Kisangani, walipoteza muda ambao hakuna fomu inayouhesabu. Waliofika kidato cha mwisho wakiwa na miaka 23 hawakuwa wajinga. Usawa wa mikoa nao, tangu mwaka 2015, unagawanywa kwa mikoa 26, na nafasi ya Tshopo, mkoa wetu, ni rahisi kujazwa na kijana aliyezaliwa Makiso, mjini Kisangani, mwenye mjomba ofisini, bila mtu wa Banalia, Bafwasende wala Opala kusikia kwamba mlango ulifunguliwa. Tangazo hutoka Jumatatu, hati zinatakiwa Ijumaa, na baki iko ng'ambo imeharibika injini.

Nimewahi kupendekeza, kwa wakubwa waliokuja kwenye mikutano, kwamba tume ya kupima itembee yenyewe: ije na chati yake, kipimo chake cha urefu, na mashine ya elektroforesi, ikae siku tatu katika kila wilaya, itangaze matokeo ubaoni pamoja na sababu ya kila aliyekataliwa, na aliyekataliwa apewe siku za kupimwa mara ya pili na mtu mwingine. Mmoja aliniambia itakuwa ghali. Nikamuuliza ni bei gani kumkodi rubani wa kigeni kwa saa moja. Akacheka, akasema hilo niwaulize Kinshasa.